Kerkede Bila Sukari

Harufu ya kerkede inayochemka haina haya hata kidogo. Inavuka ukuta, inapenya pazia, inakukuta umekaa zako unachambua mchele na kukushika pua. Juzi jirani yangu alikuwa anachemsha yale maua mekundu makavu, ametupia na kipande cha tangawizi, nami nikasimama uani na ungo wangu mkononi nikivuta hewa kama mtu aliyepotelewa na kitu. Kama hujawahi kuionja, ni kinywaji chekundu, kizuri kukitazama, lakini kichachu mpaka jicho moja lifumbe lenyewe. Ndiyo maana watu wa Juba hukijaza sukari. Na wanapokijaza, wanakijaza kweli. Mimi nikisikia harufu hiyo simkumbuki mtu mwingine ila mama yangu, na jagi lake la enameli lenye kovu jeusi karibu na mdomo.

Tulirudi Juba kutoka Uganda baada ya amani, miaka ya sabini, mimi nikiwa sina meno mawili ya mbele. Tulikuja na cherehani ya Baba, masufuria, na Kiswahili. Watu wazima walikuwa na lugha zao za nyumbani, na mjini kila mtu alisema Kiarabu cha Juba, lakini sisi watoto tuligombana kwa Kiswahili cha huko tulikozaliwa, na Baba na Mama wakatufuata huko huko. Tulikaa mtaa wa Atlabara, nyumba ya udongo yenye paa la nyasi, na asubuhi Baba alikwenda soko la Konyo Konyo kushona. Alikuwa fundi wa nguo za wanaume. Suruali aliyoishona yeye, watu walisema, unaweza kurithisha.

Nyumbani tulikuwa na bibi, mama yake Baba, tuliyemwita Haboba kama wanavyoita bibi huko kwetu. Haboba alikuwa mwembamba kama ufito na mkaidi kuliko sisi watoto wote tukijumlishwa. Kwake yeye amani haikuwa karatasi wala hotuba. Amani ilikuwa sukari. Miaka yote ya ukimbizi alikunywa chai isiyo na kitu, maji ya moto yaliyotiwa rangi, na akaapa kwamba akifika nyumbani salama hatainywa tena. Kwa hiyo kila asubuhi alijitilia vijiko huku midomo inacheza kama anasali, kisha hakukoroga mpaka mwisho. Alipenda ile inayobaki chini, aile kwa kijiko polepole, macho ameyafumba. Mimi nilikuwa nakaa karibu yake nikisubiri anibakishie, na mara nyingi alisahau kwa makusudi.

Sasa nikueleze habari ya wageni, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Siku zile Juba nzima ilikuwa inatembeleana. Watu walikuwa wanarudi, huyu kutoka Uganda, yule kutoka Kongo, mwingine kutoka porini, mwingine hakutoka kabisa, alibaki mjini muda wote wa vita. Walikuwa wanapita nyumba hadi nyumba kuangalia nani yuko hai. Mgeni akiingia kwetu hakuulizwa anataka nini. Aliwekewa mkeka au kiti, na Mama alikuwa ameshaweka maji motoni.

Na palikuwa na desturi. Kinywaji kikiletwa, mwenye nyumba anakunywa kwanza, mbele ya macho ya wageni, kutoka jagi lile lile. Hapo ndipo mgeni anajua kwamba hakuna kitu ndani. Kitu maana yake sumu, ila hakuna aliyelitaja neno hilo. Watu wengine walikuwa wanagusisha tu mdomo na kuweka chini. Baba hakufanya hivyo. Baba alijimiminia glasi imejaa, akainywa yote mpaka tone la mwisho, akaipindua juu chini waione, ndipo akasema, "Karibuni." Alisema anayeonja kidogo anaonekana naye anaogopa. Mimi nilimwona baba yangu kama shujaa wa kunywa. Nilikuwa nafanya mchezo huo na maji, napindua kikombe na kuwaambia kuku karibuni.

Haboba ndiye aliyegundua kwanza. Nyuma ya nyumba, pale Baba alipokuwa anajisaidia haja ndogo, sisimizi walianza kujikusanya. Wakawa wengi kuliko jikoni. Haboba aliwatazama siku ya kwanza akasema hawa wamepotea njia. Siku nyingine alikwenda kumwita Mama. Halafu Baba akaanza kuona kiu. Alikuwa anaweza kuinama kwenye mtungi akanywa kata baada ya kata kama aliyetoka safari ya jangwani, na huku mwili unapungua, mkanda unaongezwa matundu. Na yeye fundi, aliyekuwa akitia uzi kwenye sindano huku anazungumza na mteja, sasa alikuwa anaulamba uzi, anaukodolea macho, analikosa tundu, anaulamba tena.

Hospitali walimwambia ana ugonjwa wa sukari. Alipewa vidonge, akaambiwa na mambo ya chakula, lakini daktari alisisitiza vya kunywa. Anza na hivyo, alimwambia: chai, kerkede, soda, vyote visiwe na sukari, kwa sababu sukari ya kunywa inaingia haraka na mtu haihesabu. Asipoacha, macho yatakwenda, na baada ya macho, miguu. Mama ndiye aliyetusimulia. Baba alikaa kando akikunja na kukunjua futi yake ya kupimia, kama anayezungumzwa ni mtu mwingine.

Mama yangu hakuwa mwanamke wa kusubiri. Kesho yake asubuhi tulipewa chai kavu, wote, sufuria moja. Kaka yangu aliinywa, akatazama ndani ya kikombe kana kwamba sukari imejificha. Mimi nililia. Haboba hakulia. Alikiweka kikombe chini kwa taratibu na kusema, "Yaani tumetembea njia yote ile kurudi nyumbani, tuje kunywa chai ya kambi?" Mama akamjibu kwa heshima zote, akiwa amepiga goti, kwamba mwanao ni mgonjwa, Mama, na siwezi kumwambia asinywe huku sisi tunakoroga mbele yake. Haboba alikipeleka kikombe chake chumbani. Kwa muda wa siku kadhaa aliishi na sisi kama mpangaji.

Lakini watu huzoea. Sisi watoto tulizoea kuliko tulivyotaka kukubali. Tabu ilikuwa wageni. Mama alifikiria majagi mawili, moja la Baba, moja la wageni. Baba akacheka, na haikuwa ya furaha. "Mimi ninywe langu, wao wanywe lao? Si bora tuwaambie tu kwamba tumewawekea kitu?" Mama akafikiria bakuli la sukari, liwekwe kando, kila mtu ajitilie. Baba akatikisa kichwa. Kitakachotiwa baada ya yeye kunywa, yeye hajakinywa. Nani atakigusa? Basi waambieni wageni kwamba baba mgonjwa, nikasema mimi, nikaambiwa niende nikacheze nje. Dada yangu Poni alikuwa amepata mchumba, kijana wa ng'ambo ya mto, Gumbo, na mazungumzo yalikuwa yameshaanza. Watu wakisikia fundi anapofuka, wateja wataondoka. Na wazazi wa kijana wakisikia kuna ugonjwa katika damu, watarudi walikotoka. Kwa hiyo Baba alikataza ugonjwa wake utajwe. Jambo likafungwa.

Ikawa asubuhi tunakunywa chai kavu kwa ajili yake, na mchana anawanywia wageni glasi moja baada ya nyingine, tamu, nyekundu, imejaa mpaka mdomoni. Mama alikuwa anamimina mwenyewe. Nilimwona akitia sukari kwenye jagi huku ameutazama ukuta. Siku moja Baba alirudi na shati la mtu, mkono mmoja ameushona ndani nje. Alilifumua peke yake uani, bila haja ya taa kwa sababu jua bado lilikuwa kali, na hata hivyo alikuwa akitafuta nyuzi kwa vidole. Mama alisimama mlangoni akimtazama. Sijawahi kuuona tena uso wake kama ulivyokuwa siku hiyo. Nilimwogopa.

Siku ya watu wa Gumbo kuja ikafika. Walivuka daraja asubuhi, wengine kwa miguu, wengine kwa baiskeli, wazee waliovaa makoti yasiyofaa kwa joto lile, na mbele yao baba mkubwa wa kijana, Mzee Wani, mtu mnene aliyekuwa na sauti kama ngoma ya kanisa. Aliwahi kukata miwa kwenye mashamba ya Uganda miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, anakitupa tu, chochote kinachomjia kinatoka. Lugha yao ya nyumbani haikuwa yetu, hivyo mazungumzo yote yalikwenda kwa Kiswahili hicho, na kikikwama mahali, kwa Kiarabu.

Mimi nilikuwa jikoni na Poni na Mama. Kerkede ilikuwa tayari, imepozwa, imechujwa kwa kitambaa, nyekundu mpaka raha. Mfuko wa sukari ulikuwa rafuni, fundo lake halijafunguliwa. Poni aliuona kabla yangu.

"Mama," akasema polepole. "Leo tu. Nakuomba. Watilie leo tu."

"Kila siku ni leo tu," Mama akasema, akainua jagi.

Poni alikaa chini pale pale kwenye majivu, na gauni lake jipya ambalo Baba alilishona kwa taabu. Alikuwa analia bila sauti ili asisikike barazani. Nami nilimfuata Mama hadi kwenye pazia, nikabaki hapo, jicho moja nje.

Baba alimimina, akajaza, akanywa. Nilijua saa ile ile kwamba hakuambiwa. Ule uchachu ulimpiga, shingo ikajikaza, lakini hakusita. Aliinywa yote, akaipindua glasi. "Karibuni," akasema.

Mzee Wani alinywa funda moja. Akaweka glasi chini. Hakuitupa wala hakutema, aliiweka tu, kwa uangalifu, mbali kidogo na goti lake. Wenzake waliokuwa wamenyanyua glasi zao wakazishusha. Nani amewahi kunywa kerkede ya mgeni isiyo na sukari, tena siku ya posa? Kitu kikibadilika ladha, kuna sababu imebadilika. Niliona wanaume wakitazama viatu vyao walivyoviacha mlangoni.

"Fundi," Mzee Wani akasema, "mimi iko nauliza kwa uzuri. Hii kitu iko na nini ndani?"

Baba akafungua mdomo. Angeweza kusema. Neno moja tu lingetosha, lakini alimtazama yule kijana mchumba, aliyekaa nyuma ya wazee, akaangalia upande wa jikoni alikokuwa Poni, na hakusema. Alinyoosha mkono kuchukua jagi, ajimiminie nyingine, awaonyeshe tena.

Ndipo pazia likafunuliwa kando yangu. Mama hakuwa na kazi barazani siku kama ile, wanawake walisikiliza kutoka ndani, lakini alitoka, akapita katikati ya wazee, akapiga goti mbele ya Mzee Wani na kuichukua glasi yake, ile ile aliyoiweka kando, iliyoguswa na mdomo wake. Akainywa. Si haraka. Akainywa mpaka chini, akaipindua. Tone moja likaanguka kwenye kanga yake.

"Wazee, mnisamehe," akasema. "Humu kuna maua na maji, basi. Kilichomo si kitu. Kisichokuwemo ndicho mnachokitafuta, nacho nimekitoa mimi, yeye hajui. Mume wangu ana ugonjwa wa sukari. Kila mgeni akija anamnywia, na kila glasi inamla macho. Nimechoka kumkorogea kifo chake kwa mkono wangu mwenyewe. Kama mnataka tamu, subirini matanga yake. Siku hiyo nitatia sukari mpaka kijiko kisimame."

Kulikuwa na kuku mmoja uani, namkumbuka, alikuwa anaparura. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, na mimi nilidhani analia, na nikataka kumkimbilia.

Mzee Wani alimtazama Mama. Kisha akanyoosha mkono, akachukua jagi mwenyewe, akajimiminia, akainywa yote mfululizo huku uso unakunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa. Alipomaliza alibaki amefumba macho.

"Mimi nimekata miwa mpaka mgongo imeisha," akasema. "Mwili yangu yote ni sukari. Lakini hii mama, wah." Akawageukia wenzake. "Kunyweni. Nyumba ambayo mwanamke anasema ukweli mbele ya wageni, mtoto wetu ataoa hapo. Kunyweni, msinitazame."

Wakanywa. Ungewaona wale wazee wa heshima, mmoja anasugua shavu, mmoja anakohoa, mmoja anauliza kwa upole kama kuna maji. Mtu akaanza kucheka, sijui nani, na kicheko kikazunguka mkeka mzima. Poni akatokea nyuma yangu, majivu yamemshika nyuma ya gauni, akanishika bega kwa nguvu hadi likauma. Mazungumzo yakaendelea. Waliondoka jua likiwa limeinama, na walipokuwa wanavaa viatu, Mzee Wani alimwambia Baba, mbele yetu, kwamba siku nyingine akivuka daraja asipewe hata hiyo, maji yanatosha.

Baba hakumsemesha Mama tangu wageni walipotoka. Alikwenda kukaa kwenye cherehani yake bila kushona. Sisi watoto tulitembea kwa ncha za vidole. Haboba, ambaye hakuwa amesema na Mama vizuri tangu siku ya chai kavu, alikwenda jikoni akaanza kuosha zile glasi, kazi ambayo hakuwa ameifanya tangu turudi. Aliziosha zote, na Mama alipotaka kumpokea akamsukuma kwa kiwiko.

Kabla giza halijaingia Baba alikuja mlangoni mwa jikoni. Hakuingia, alisimama. Nilikuwa nachambua kunde, nikajifanya sina masikio.

"Umenivua nguo mbele ya watu," akasema.

"Ndiyo," Mama akajibu.

"Ulipoinywa ile ya mzee. Hukuogopa watasema umekunywa dawa ya kukukinga kwanza?"

"Niliogopa kitu kingine."

Baba akaomba glasi ya kerkede, akapewa, akainywa pale pale mlangoni akiwa amesimama, akikunja uso kila funda, na akairudisha tupu. Kuanzia hapo habari zilienea, kama zinavyoenea Juba. Wateja hawakumkimbia, au waliokimbia hawakuwa wengi. Na nyumbani kwetu aliyekunywa kwanza mbele ya wageni akawa Mama. Alikaa kwenye mkeka na Baba, akanywa glasi yake nzima, chachu, akaipindua. Wengine walitusema. Walisema nyumba ile imekuwa bahili, walisema mwanamke amempanda mumewe kichwani. Mimi niliwahi kupigana na mtoto mmoja njia ya kisimani kwa maneno hayo, ingawa ukweli ni kwamba kimoyomoyo niliona hata mimi kwamba Mama amezidi. Nilitamani sukari. Nilikuwa mtoto.

Nilichokielewa baadaye ni kwamba hakuna kati yao aliyekuwa anabishania sukari. Baba alirudi katika mji ambao watu walikuwa wameogopana kwa miaka, aliyebaki na aliyekimbia, wa huku na wa kule, na aliona kwamba mtu akitoka kwake bila hofu, hiyo ndiyo amani anayoweza kuitengeneza yeye, fundi wa suruali. Alikuwa tayari kuilipia kwa macho yake. Nampenda kwa hilo mpaka leo, na linanitia hasira mpaka leo. Mama naye hakuidharau kazi hiyo. Aliichukua tu mikononi mwake, akaifanya kwa namna ambayo haitamzika mume.

Baba hakupofuka. Jicho moja lilififia, lingine likamtosha, akaendelea kushona mpaka mikono yenyewe ilipochoka. Akawa mzee kabisa, mzee msumbufu asiyeridhika na kitu. Chai imepoa, mto uko juu sana, redio imewekwa chini sana, nani ameondoa fimbo yangu. Sisi watoto wake, watu wazima tayari, tulikuwa tunapokezana kuchoka. Mama hakuchoka. Alikuwa amekaa pembeni akimsikiliza analalamika, na usoni ana tabasamu ambalo lilitukera, kwa sababu hatukuona cha kufurahisha. Siku moja Poni alimuuliza hasa anachekelea nini. Mama akasema, "Nilitaka mume mzee. Acheni nimsikie."